Pikipiki ya Umeme: Ni Baiskeli au Si Baiskeli?

Likizo ya Desemba iliyopita binamu yangu anayeishi na wazazi wake Uingereza alinipigia simu akiwa na furaha isiyo kifani. Mjomba alikuwa amemnunulia pikipiki ya umeme, zile za magurudumu yenye meno, za kupandia milima na kupita matopeni. Nikamwuliza, "Na leseni je? Si una miaka 15 tu?" Akacheka. "Hii haina petroli wala kelele, ndugu yangu. Ni kama baiskeli tu. Kwani nani atanishika?"

Majuma mawili baadaye pikipiki hiyo ilikuwa kituo cha polisi, na mjomba alikuwa akitafuta wakili. Kosa lao lilikuwa nini? Hebu tulichambue jambo hili kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: Chombo hiki ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba kinachofanya chombo kuwa pikipiki ni petroli na moshi. Sivyo. Sheria haisikilizi kelele. Inatazama nguvu na mwendo. Huko Uingereza, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ikitimiza masharti haya:

(a) iwe na pedali zinazoweza kuiendesha;
(b) nguvu ya mota yake isizidi wati 250;
(c) mota iache kusaidia mwendo unapofika maili 15.5 kwa saa, yaani karibu kilomita 25.

Ikitimiza hayo yote, mtu wa miaka 14 au zaidi anaweza kuiendesha barabarani bila leseni wala bima. Sasa itazame ile ya binamu yangu. Pedali haina, ina mahali pa kuwekea miguu tu. Mota yake ni ya maelfu ya wati. Ukizungusha mkono kidogo inaruka kama swara. Hiyo ni pikipiki, hata ikiwa kimya kama paka.

Swali la pili: Anayeiendesha ni nani?

Chombo kikishaitwa pikipiki, mambo hubadilika. Kwenye barabara ya umma ni lazima kiwe kimesajiliwa na kina nambari, kiwe na bima, na mwendeshaji awe na leseni na helmeti. Umri nao una kipimo chake: miaka 16 kwa pikipiki ndogo isiyozidi kilomita 45 kwa saa, na 17 kwa ile yenye nguvu kidogo zaidi. Tena nyingi za aina hii ya matopeni zimeundwa bila taa za kugeukia na vifaa vingine, kwa hivyo hata ukiwa na pesa za kuisajili, huenda isikubaliwe.

Usiichukulie bima kama karatasi tu. Adhabu ya kawaida ya kuendesha bila bima huko ni pauni 300 na alama 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kukitwaa chombo chenyewe. Lakini hilo ni dogo. Fikiria ajuza anayetembea kando ya njia. Gari la petroli angelisikia akajitenga; hiki hakisikii. Akigongwa akavunjika nyonga, nani atamlipa? Huko kuna mfuko wa makampuni ya bima unaowafidia watu waliogongwa na wasio na bima, lakini baadaye unaweza kumdai aliyegonga. Deni la namna hiyo laweza kumfuata kijana kwa miaka.

Swali la tatu: Njia ni ya nani?

Hapa ndipo binamu yangu alipoteleza. Alisema, "Basi sitaingia barabarani, nitapita vijia vya msituni." Kumbe Sheria ya Trafiki ya Uingereza ya mwaka 1988, kifungu cha 34, inakataza chombo cha mtambo kupita bila idhini kwenye njia za waendao kwa miguu, njia za farasi, na hata kwenye ardhi ya wazi isiyo barabara. Zipo njia chache za mashambani zilizo wazi kwa vyombo vyote, lakini humo pia utatakiwa leseni, bima na nambari kana kwamba uko mjini.

Basi aende wapi? Kwenye shamba la mtu, kwa idhini ya mwenye shamba, au kwenye viwanja vya mchezo huo. Kila ardhi ina mwenyewe, hata ile inayoonekana pori. Kutokuwa na ua si kuruhusiwa.

Na hapa kwetu?

Usicheke ukasema hayo ni ya Wazungu. Jijini Nairobi pikipiki za umeme tayari zinabeba abiria. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, inalihesabu gari kuwa chombo kinachoendeshwa kwa mtambo. Haikusema ni lazima kinywe petroli. Kwa hivyo leseni, usajili na bima ya Sura ya 405 vinaihusu pia. Helmeti na koti linalong'aa ni lazima, na abiria ni mmoja tu, si watatu na gunia.

Kwa muhtasari, kabla hujapanda jiulize: chombo ni nini, mimi ni nani, na njia ni ya nani. Jibu moja likikosekana, shuka usukume. Mjomba angeuliza kabla ya kulipa, asingemtafuta wakili. Majuto ni mjukuu.

Zoezi

1. Taja masharti matatu yanayoifanya baiskeli ya umeme iwe baiskeli mbele ya sheria ya Uingereza.
2. "Chombo kisicho na kelele hakina hatari." Jadili, ukitumia mfano wa ajuza.
3. Mwandikie binamu huyu barua ya kirafiki, umweleze ni wapi anaweza kuendesha pikipiki yake bila kuvunja sheria.