Kichezeo cha mia mbili: bei inaanzia kwenye sarafu, sio kwenye risiti ya Kariakoo

Leo naongea na nyie mnaouza vichezeo vidogo vya watoto: mipira ya kudunda, pete za plastiki, vigari, filimbi, stika. Wengi mnachukua bei ya Kariakoo mnaongeza "kidogo juu". Kwenye gauni au viatu njia hiyo inaweza kukuvusha. Kwenye kitu cha mia mbili haikuvushi.

Kuna nchi vichezeo hivi vinauzwa na mashine. Marekani ni kile kisanduku cha kioo mlangoni mwa duka: mtoto anatumbukiza sarafu ya senti 25, anazungusha mpini, kinadondoka kitu. Japani kampuni ya Bandai iliingia kwenye biashara hiyo mwaka 1977 kwa bei ya yeni 100, yaani sarafu moja. Mwenye mashine hawezi kuamka asubuhi akaongeza asilimia kumi, maana mashine inajua sarafu tu. Kwa hiyo anapiga hesabu kwa kurudi nyuma: sarafu ni hii, je, niweke kitu gani ndani ili nami nibaki na chochote?

Huku Nachingwea na Ruangwa mashine yetu ni kopo la plastiki juu ya kaunta ya duka, lakini hesabu ni ileile. Mtoto anakuja na mia, mia mbili au mia tano. Ukipanga 150, muuza duka anatafuta hamsini ya chenji, hana, anampa pipi. Ukipanga 250, mtoto mwenye mia mbili anaondoka. Kwa hiyo bei za kaunta ni tatu tu: 100, 200 na 500. Katikati hapo usihangaike.

Sasa chukua daftari. Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Umenunua vichezeo 1,200 kwa shilingi 120,000, wastani wa mia kila kimoja. Hapo ndipo wengi wanasimama wanasema "nikiuza mia mbili nimepata mara mbili". Ngoja kwanza. Mbebaji Kariakoo 3,000, mzigo kwenye basi mpaka Nachingwea 15,000, bodaboda kutoka stendi 2,000, bando na makato ya simu 10,000. Jumla imefika 150,000. Fungua katoni: vilivyovunjika na visivyouzika tuseme 60, unabaki na 1,140. Gawanya. Kila kimoja kimekugharimu karibu 132.

Na hauuzi wewe kaunta, anauza mama mwenye duka. Naye anataka angalau hamsini yake kwenye kila mia mbili, la sivyo kopo lako atalisukuma nyuma ya sabuni. Wewe unampa kwa 150. Mzigo wote ukiisha umeshika 171,000, faida 21,000. Kwa wiki kadhaa za kuzunguka, hiyo ni nauli tu.

Suluhisho sio kupandisha bei. Badilisha mchanganyiko. Wenye mashine hawaangalii bei ya kitu kimoja kimoja, wanaangalia wastani wa kopo zima. Katika kila vitu 100, weka 80 vya shilingi 60 na 20 vizuri vya shilingi 180. Hiyo ni 4,800 na 3,600, jumla 8,400, wastani 84. Rudia hesabu: 1,200 mara 84 ni 100,800, ongeza gharama zilezile 30,000, ni 130,800. Ukiuza 1,140 kwa 150 unabaki na 40,200. Bei ya mtoto haijaguswa, ya mama duka haijaguswa, faida yako imekaribia mara mbili. Ila vile 20 viwemo kweli ndani ya kopo. Ukibandika kigari kizuri nje na ndani kimejaa vipete, watoto wanaambizana shule nzima kufikia Ijumaa.

Kwa sisi wa mtandaoni kuna jambo jingine: hakuna anayetuma mia mbili kwa simu. Kitu chako cha kuuza ni pakiti. Mimi ningeweka mbili tu: ya 50 kwa 7,500 kwa wenye maduka, na ya 10 kwa 2,000 kwa wazazi. Andika wazi kwenye status kama bei ina ya kutolea au haina. Maneno ya "tuma na ya kutolea" yakija baada ya mtu kukubali bei yanaua oda nyingi kuliko bei yenyewe. Na mteja wa Mkotokuyana anayetaka pakiti ya 2,000, usimpelekee kwa bodaboda; usafiri utakula pakiti. Mwambie aunganishe oda na jirani zake, au achukue siku anayokuja mjini.

Majira nayo yanaamua. Minada ya korosho ya RUNALI ikianza kuanzia Oktoba na wakulima wakilipwa, jaza vitu vya 500: magari makubwa kidogo, midoli yenye nywele. Miezi ya Februari na Machi rudi kwenye vya mia. Usipandishe bei ya kitu kilekile msimu wa korosho, kwa sababu kuishusha baadaye ni kazi, mama duka atakuuliza mbona ulikuwa unamwibia.

Kabla hujafunga pakiti, tenga vidogo sana. Marekani sheria ya mwaka 1994 inadai onyo hata kwenye mashine zenyewe, na mpira mdogo wenye upana chini ya milimita 44 hivi hauruhusiwi kuuzwa kwa mtoto wa chini ya miaka 3, maana unaziba koo. Mipira mingi ya kudunda tunayoleta ni midogo kuliko hapo. Andika kwa kalamu nene juu ya kila kopo: SIO KWA MTOTO CHINI YA MIAKA 3. Vyenye betri za kidonge ambazo kifuniko kinafunguka kwa ukucha, usilete kabisa, hata mwenye duka la jumla akikupunguzia vipi.