SOMO LA ROBO MWAKA: TUPANGE MZIGO KABLA YA KUNG'OA NANGA



Kisiwa Panza kiko kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani. Mwalimu, mgonjwa, gunia la mchele na mfuko wa saruji, vyote huvuka kwa chombo. Wakazi wake wengi ni Waislamu, lakini somo hili ni letu sote, kwani bahari haimuulizi mtu dini yake. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, ikielekea Pemba, ilizama karibu na Nungwi ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Mamia walipotea. Januari 2022 boti ya abiria ilizama katika bahari ya Pemba, wakafa watu wasiopungua tisa.

Tukifikiria msaada wa vyombo, wazo la kwanza huwa injini. Je, tumefikiria pia mzigo utakavyopangwa?

Jaribio la beseni

Watoto wa pwani huchonga mashua za kuchezea na kuzishindanisha. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wazima wanaoshindanisha boti ndogo za mbio zinazoongozwa kwa redio, zenye njia ya hewa katikati ya tumbo. Hao husogeza betri kidogo kidogo, mbele au nyuma, mpaka boti itulie. Betri ikiwa mbele mno, omo huchimba maji. Ikiwa nyuma mno, hewa huinua omo na boti hupinduka. Mashua ya abiria haina mwendo huo, lakini nayo hutaka uzito ukae mahali pake.

Leteni kikaoni beseni la maji, mashua ya kuchezea na vijiwe.

1. Wekeni vijiwe upande mmoja. Mashua hulala. Ndivyo inavyokuwa abiria wote wanaposimama upande mmoja ili kuwahi kushuka.

2. Wekeni vyote tezi. Omo huinuka na maji hukaribia kuingia kwa nyuma. Injini ya kufunga nje hukaa tezi, pamoja na tangi la mafuta na mwendeshaji. Kwa hiyo mizigo mizito isogezwe katikati.

3. Pangeni vijiwe juu kwa juu. Mashua huyumba kwa kuguswa tu. Mwani mkavu ni mwepesi, lakini magunia yake yakirundikwa juu hushika upepo. Vizito vikae chini, na abiria wakae, wasisimame.

4. Mimineni maji kidogo ndani, kisha inamisheni mashua. Maji hukimbilia upande ulioinama na kuuzidisha. Ndiyo sababu maji hufuliwa mapema.

5. Mwisho, pangeni vijiwe vizuri, kisha ongezeni tu. Mashua itakaa sawa mpaka ukingo ufike majini, halafu itazama. Kupanga vizuri hakuponyi kuzidisha.

Neno la Mungu

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo alionya kabla ya safari, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye chombo. Baadaye shehena ilitupwa baharini. Watu 276 waliokolewa, lakini chombo kilivunjika. Onyo lilikuwa na faida kubwa zaidi bandarini kuliko katikati ya dhoruba.

Maswali ya kujadili

• Katika kivuko chenu, nani ana mamlaka ya kusema "chombo kimejaa"? Je, anasikilizwa hata na mwenye chombo?
• Tukitoa injini, je, tutatoa pia majaketi ya kuokolea ya kutosha abiria wote, wakiwemo watoto?
• Je, ukingoni mwa chombo pana alama ya rangi inayoonyesha mwisho wa kupakia?

Ndugu wafadhili, alama ya rangi ni gharama ndogo, wala haipigwi picha kama injini mpya. Lakini mama anayevuka na mtoto mgongoni anaihitaji kwanza.

Mungu awalinde wasafiri wote wa baharini.