Mafua yanapopanda jichoni

Kusi linapovuma hapa Moa, pwani ya Tanga, karibu kila nyumba ina mtoto anayetoka kamasi. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka na akawa mzima kabisa, na mengi huisha yenyewe ndani ya siku 10. Mpeleke zahanati yakipita siku hizo bila nafuu, homa ikifika nyuzi 39 pamoja na kamasi nzito kwa siku 3 mfululizo, au akianza kupona kisha akarudi kuugua zaidi. Huenda bakteria wameingia kwenye sainasi, yaani vishimo vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso.

Watoto wengi wenye sainasi hizo hupona kwa dawa. Ni wachache ambao ugonjwa huvuka mipaka ya pua, ila kwao saa chache ni nyingi.

Kati ya pua na jicho kuna ukuta wa mfupa mwembamba kama karatasi, na usaha hupenya hapo kwa urahisi. Mtoto huamka kope moja imevimba, nyekundu, ya moto. Nyumbani watasema kaumwa na mdudu, au ni macho mekundu kama yale yaliyoenea Tanzania mwanzoni mwa 2024. Macho mekundu huwa na tongotongo na kuwasha, na mara nyingi hushika yote mawili. Tatizo la sainasi kwa kawaida hushika upande mmoja, na mtoto ana homa na mafua.

Mkalishe penye mwanga. Simama nyuma yake, inamisha kichwa chake kidogo kukuelekea, umtazame kutoka juu: je, jicho moja limetokeza kuliko jingine? Kisha kaa mbele yake, mwambie afuate kidole chako kwa macho tu, juu, chini, kulia, kushoto. Angalia kama jicho linakwama, kama analia kwa maumivu, kama anaona vidole viwili. Dalili moja tu kati ya hizo, au kope iliyovimba hadi haifunguki, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu mshipa wa kuonea ukibanwa mtoto anaweza kupofuka. Maziwa ya mama na maji ya majani yasitiwe jichoni.

Kwa watoto wakubwa na vijana, ambao sainasi za paji la uso zimeshakua, huweza kutokea uvimbe laini wenye maumivu juu ya nyusi. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliueleza tangu karne ya 18. Si jipu la kukamuliwa wala nundu ya kukandwa: mfupa wenyewe umeoza, na nyuma yake ndiko uliko ubongo.

Ubongo ukiguswa, mtoto huumwa sana kichwa, hutapika, husinzia kupita kawaida, shingo hukakamaa, mkono mmoja hulegea, au mtoto hupatwa na degedege. Huku pwani degedege bado wengi hulihusisha na shetani, na mtoto hupitishwa kwa mganga kwanza. Nawasihi wazazi wenzangu, dua isomwe njiani, hospitali itangulie. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Kipimo cha malaria kikionyesha anayo, atibiwe, lakini mtaje tabibu mafua na uvimbe pia, maana mtoto anaweza kuwa na yote mawili.

Zahanati iombeni rufaa mapema, na sindano ya kwanza ya dawa ya bakteria kama ipo, kisha mshike barabara ya Horohoro kwenda hospitali ya Bombo, Tanga. Matibabu ni dawa za kupitia mshipani, kipimo cha CT-Scan, na wengine hufanyiwa upasuaji kutoa usaha. Mwelezeni daktari mafua yalianza lini na dawa zote alizokwisha kunywa, hata ile amoksilini ya nusu dozi iliyobaki kwa kaka yake.

Nyungu msimfukize mtoto. Maji ya moto yamewaunguza wengi. Kwa kinga, kadi ya kliniki nayo iangaliwe: chanjo ya pentavalenti, inayokinga dhidi ya bakteria wa Hib, ilianza nchini 2009, na ya nimokoko 2013. Zote hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, na aliyepitwa bado anaweza kupelekwa.