Nyuzinyuzi na Tiba ya Choo Kigumu: Mafunzo kutoka Kliniki ya Wajawazito

Mjamzito hupewa kila siku madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki ili kuzuia upungufu wa damu. Si wachache wanaoacha vidonge hivyo kimya kimya baada ya wiki chache, na sababu mojawapo ni choo kigumu. Haya humzuia mama kusema, na mtoa huduma asipouliza, siri hiyo hubaki mpaka kipimo cha damu kinapoifichua. Mama mwenye upungufu wa damu hukaribia kujifungua akiwa na akiba ndogo ya kustahimili hata kiasi cha damu kinachopotea kwa kawaida. Hivyo basi, ushauri juu ya choo ni sehemu ya kulinda uhai wake.

Maana ya kufunga choo

Si lazima mtu apate haja kubwa kila siku. Kwa watu wazima, kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki huhesabiwa kuwa kawaida. Mtu amefunga choo endapo anapata chini ya mara tatu kwa wiki, choo ni kigumu kama gololi, analazimika kujikamua, au anahisi hajamaliza. Hali hiyo ikidumu huleta bawasiri na michubuko ya njia ya haja kubwa.

Katika ujauzito sababu huungana: homoni ya projesteroni hupunguza mwendo wa utumbo, mji wa mimba unaokua huukandamiza, na vidonge vya madini ya chuma huongeza ugumu wa choo.

Kazi ya nyuzinyuzi

Nyuzinyuzi, au makapimlo, ni sehemu ya mimea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Zipo zinazoyeyuka katika maji na kufanya utelezi unaolainisha choo. Hizi hupatikana kwa wingi katika jamii ya kunde na matunda. Zipo pia zisizoyeyuka, kama zile za maganda ya nafaka na za mboga za majani, ambazo huongeza ujazo wa choo na kuharakisha mwendo wake.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliutangaza sana umuhimu huo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa Waafrika wa vijijini, waliokula vyakula visivyokobolewa, walipata choo kingi na laini, na mabaki ya chakula yalipita tumboni upesi kuliko kwa Waingereza. Leo sembe nyeupe, wali na mkate mweupe vimechukua nafasi ya vyakula hivyo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki.

Kutoka ushauri hadi sahani

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa takriban gramu 13, na mapera mawili ya wastani takriban gramu 6. Kikombe cha wali mweupe hakifikishi hata gramu 1. Ugali wa dona badala ya sembe, pamoja na mchicha, matembele au kisamvu, hukamilisha kiasi kilichobaki. Kunde, choroko, mbaazi, ulezi na viazi vitamu pia vinafaa. Pera na chungwa vina faida ya ziada kwa mjamzito, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma.

Mabadiliko yafanyike polepole, kwa wiki mbili hadi tatu, kwani kuongeza ghafla huleta gesi na tumbo kujaa. Maji ni ya lazima. Nyuzinyuzi bila maji ya kutosha huweza kuzidisha tatizo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji asikibadili bila kumwuliza daktari. Inafaa pia kwenda chooni baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo mpana unapoamka, kutozuia haja inapokuja, na kutembea kila siku.

Chakula kisipotosha

Mjamzito ambaye hajapata nafuu anaweza kuongezewa pumba za ngano au kupewa dawa salama ya kulainisha choo. Asitumie sanamaki, mshubiri wala dawa nyingine za kuharisha kwa kujiamulia mwenyewe. Vidonge vya madini ya chuma visiachwe. Mtoa huduma anaweza kubadili dozi au aina yake. Vivyo hivyo, mgonjwa anayetumia mofini kwa maumivu makali huhitaji dawa ya choo tangu mwanzo, kwani kwake chakula peke yake hakitoshi.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia endapo tumbo limevimba na linauma, anatapika, au hatoi choo wala hewa; huyo asiongezewe nyuzinyuzi. Damu katika choo, kupungua uzito bila sababu, au mabadiliko mapya ya choo kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 huhitaji uchunguzi.

Katika kila hudhurio la kliniki, swali moja linalotakiwa kuulizwa faraghani na kwa lugha ya staha ni hili: «Choo unakipataje tangu uanze vidonge?» Jibu lake huweza kueleza kwa nini damu haipandi.