Sakafu ya Gereji ya Nyumbani: Kagua Udongo Kabla ya Kununua Kabro

Wengi wanaojenga hukumbuka gereji mwisho kabisa. Nyumba imeezekwa, geti limewekwa, pesa zimebaki kidogo, na fundi anaambiwa amwage zege nyembamba ya kushikilia kwa sasa. Msimu mmoja wa mvua ukipita, sakafu ina ufa, magurudumu yamechimba vishimo, na oili imepenya ardhini. Kwa mkazi wa Nakuru, mambo mawili yanapaswa kuangaliwa kabla ya rangi au umbo la sakafu: udongo ulio chini yake, na mahali maji yanakoelekea.

Sehemu kubwa ya jiji na viunga vyake imekaa juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano, Menengai ikiwa ndiyo ya karibu zaidi. Udongo huu hunywa maji haraka. Maji yakipita mahali pamoja kwa muda mrefu, hubeba chembechembe zake na kuacha uwazi chini ya ardhi. Ndiyo sababu mvua ikizidi, ardhi hutitia ghafla katika baadhi ya maeneo, hasa yaliyopitiwa na nyufa za Bonde la Ufa. Kwingine kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi. Hakuna vigae wala rangi itakayotuliza ardhi ya namna hiyo.

Kazi ya maana, basi, hufanyika kabla ya zege kumwagwa. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa. Mawe hupangwa na kushindiliwa vizuri, kisha mianya huzibwa kwa vumbi la machimbo na kushindiliwa tena. Juu yake hutandazwa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, halafu wavu wa chuma ambao mafundi huuita BRC. Wavu huo uinuliwe kwa vijiwe ili ukae ndani ya zege. Ukiachwa umelala juu ya nailoni, ni pesa zilizozikwa bure.

Kwa gari dogo, zege iwe na unene wa milimita 100, yaani inchi nne. Mchanganyiko wa kawaida ni karai moja la saruji, mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Gereji ya mita tatu kwa sita itahitaji takriban mifuko 12 ya saruji ya kilo 50. Anayepunguza unene hadi inchi mbili ataokoa mifuko sita hivi, na huenda akalipa sakafu nzima upya. Zege ikishashika, imwagiliwe maji kwa siku saba mfululizo, jambo ambalo hupuuzwa sana kwa kuwa fundi huwa ameshalipwa na kuondoka. Hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, kwa hivyo gari lisubiri nje. Mikato ya kila mita tatu au pungufu husaidia ufa ufuate mstari uliopangwa.

Kabro inapendwa, na ina sababu yake. Ardhi ikititia kidogo, matofali huondolewa, mahali pakajazwa na kushindiliwa, kisha yakarudishwa yale yale. Zege haina nafasi hiyo. Penye historia ya kudidimia, kabro ni chaguo la busara zaidi, lakini ufa ukionekana kukatiza ploti, mhandisi aitwe kwanza. Kabro ya milimita 60 inatosha gari la nyumbani; ya milimita 80 ni ya malori. Kingo zifungwe kwa zege, la sivyo matofali yatatawanyika.

Udhaifu wa kabro ni mianya yake. Oili hupita katikati ya matofali na kuingia ardhini, na kaunti hii inategemea sana maji ya visima. Changarawe, ambayo ni nafuu na inafaa njia ya kuingilia boma, ina tatizo hilo hilo. Suluhisho la wastani ni kuweka kabro au changarawe kwenye njia, na zege pale gari linapolala.

Sakafu ya zege nayo iteremke kuelekea mlangoni, sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Maji hayo yana mwisho wake. Mtaro wa mvua wa jiji huelekea Ziwa Nakuru, na ziwa hilo, lililotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, halina mto unaotoka. Kinachoingia hubaki humo. Oili iliyomwagika inyonywe kwa machujo ya mbao au mchanga mkavu, izolewe. Isisukumwe mtaroni kwa maji na sabuni. Gari linalovuja liwekewe karai chini, na oili chafu ihifadhiwe kwenye mtungi wenye kifuniko hadi ikabidhiwe wanaoikusanya kwa kibali.

Vigae laini vya sebuleni viachwe sebuleni: huteleza vikilowa na huvunjika jeki inapowekwa. Rangi ya epoksi hurahisisha kufuta oili, ila hubambuka juu ya zege yenye unyevu. Kipande cha nailoni kikibandikwa sakafuni pande zote kwa usiku kucha na asubuhi kikawa na matone chini yake, rangi isubiri.

Anayejenga banda jipya la gari, badala ya kukarabati sakafu iliyopo, anahitaji kwanza idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ombi huwasilishwa pamoja na michoro kabla ya msingi kuchimbwa.