Ramadhani siku ya 24: Mwezi ukiandama, atampigia nani?

 

Leo ilikuwa zamu ya zakatul-fitri. Naiahirisha siku moja, kwa sababu kuna jambo likichelewa litakuwa limepitwa na wakati.

Siku ya 8 ya mwezi huu, saa 9 usiku, uliingia ujumbe kwenye simu yangu. Aliyeuandika ameniruhusu niueleze hapa bila jina, nami nimebadilisha mambo mawili matatu asije akajulikana. Aliandika hivi: "Ustadh, tangu mwezi uingie sijagusa pombe hata tone. Nyumbani wananisifia. Mimi naogopa Iddi. Tarawehe zikiisha nitakwenda wapi?"

Nilikaa na simu mkononi. Jibu la haraka lilikuwepo: muogope Allah, zidisha istighfari, jiepushe na marafiki wabaya. Yote ni kweli. Lakini huyu hakuuliza hukumu ya pombe, hukumu anaijua tangu chuoni. Ameuliza atakwenda wapi.

Na swali lake lina msingi. Ramadhani inambeba mnywaji kuliko tunavyodhani. Mchana kafunga, magharibi yuko mkekani na watoto, isha yuko msikitini mpaka karibu saa 4, daku anaamshwa. Karibu kila saa ina mtu wa kuwa naye. Mwezi ukiandama, ratiba yote hiyo inaondoka kwa usiku mmoja, na mfukoni kuna hela ya sikukuu. Ndiyo maana kila mwaka kuna ndugu tunawaona safu ya mbele mwezi mzima, ikiingia Shawwal hawapo. Halafu tunasema, "yule muislamu wa Ramadhani," tunacheka, maisha yanaendelea.

Tuangalie Mtume (S.A.W) alivyoishi na mtu wa namna hii. Katika Sahih Bukhari, Umar bin Khattab (R.A) anasimulia habari ya sahaba aliyeitwa Abdullah, aliyepewa lakabu ya Himar, mtu wa utani ambaye alikuwa akimchekesha Mtume. Alikuwa akinywa. Alishaadhibiwa kwa kunywa, akaletwa tena. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani, akishangaa ni mara ngapi mtu huyu analetwa. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba anachokijua juu ya mtu huyu ni kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Na katika mapokezi mengine, ya Abu Hurayra (R.A), waliokuwa wakimwapiza mnywaji waliambiwa wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Tazameni vizuri. Kosa halikuhalalishwa, adhabu ilipita. Lakini mtu alibaki ndani ya jamaa, jina lake likiwa limelindwa na Mtume mwenyewe. Alikuwa na pa kurudi.

Sasa nikubali kosa langu, kwa sababu bila hilo maneno yanayofuata yatakuwa mepesi. Miaka michache nyuma kijana mmoja alinieleza baada ya alfajiri kwamba anapigana na pombe. Alianza enzi za viroba, vile vya mfuko wa plastiki kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, kikawa kinakaa mfukoni kama peremende. Nikamsikiliza vizuri, nikamwombea dua. Ijumaa iliyofuata nikatoa mawaidha, nikasema "kuna kijana wetu mmoja hapa mtaani..." Sikumtaja jina. Sikuhitaji, kwani nilitaja kazi yake. Watu waligeuza shingo. Hakurudi tena msikitini kwetu, na nilipokwenda kumwomba radhi alinijibu kwa adabu sana, mlangoni, bila kunikaribisha ndani.

Kwa hiyo ndugu wa ujumbe wa saa 9 usiku alipoandika, sikumwambia "njoo msikitini tuzungumze." Nilimuuliza, je, umewahi kuzungumza na mtu mwingine aliyeacha pombe? Akasema hamjui hata mmoja. Nikamwambia wapo, na wengine wako humo humo kwenye simu uliyoishika.

Msaada huu kwa kweli ulianzia kwenye simu. Mei 1935, mji wa Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, mtu mmoja aitwaye Bill Wilson alikuwa amesimama ukumbini mwa hoteli, biashara iliyompeleka kule imeharibika. Alikuwa na takriban miezi mitano hajanywa, na baa ilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia viongozi wa dini wa mji ule ambao hakumjua hata mmoja, akitafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, naye mlevi wa miaka mingi. Daktari alikubali kumpa dakika 15. Walizungumza mpaka usiku. Daktari aliacha, akateleza tena mara moja, kisha tarehe 10 Juni 1935 akanywa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, maarufu AA, yaani walevi wasiotajana majina.

Hawa hawakuwa waislamu, na mikutano yao mingine humalizika kwa sala ya kikristo, jambo lililowapa tabu waislamu wengi waliohudhuria. Mwaka 1989, katika mji wa Baltimore hukohuko Marekani, waislamu waliokuwa wakitoka kwenye ulevi na dawa za kulevya wakaanzisha njia yao, Millati Islami, wakaziweka zile hatua 12 juu ya msingi wa tauhidi, toba na swala. Leo mikutano ya makundi yote mawili ipo kwenye intaneti, hasa tangu 2020 corona ilipofunga kumbi. Unaingia kwa Zoom. Kamera unaweza kuizima, na jina linaloonekana unaliandika mwenyewe. Si lazima useme neno. Unaweza kusikiliza mwezi mzima, na haina kiingilio.

Ndugu yetu alijaribu. Mkutano wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza cha haraka cha Wamarekani, akatoka baada ya dakika 10, akaniandikia, "Ustadh, hawa wanaongea kama redio." Wa pili bando lilikata katikati. Nilidhani ameshakata tamaa. Siku ya 13 akapata, kupitia mtu aliyekutana naye kwenye ule wa pili, kikundi kidogo cha Waswahili kwenye WhatsApp: watu wa Dar, Mombasa, na mmoja yuko Muscat kazini. Hawazidi 15. Saa 3 na nusu usiku hupigiana simu ya pamoja, kila mtu anasema siku yake ilivyokwenda, basi. Hakuna mawaidha (aliniandikia hilo kwa furaha kidogo kuliko nilivyopenda). Usiku wa kwanza alisikia mzee mmoja akisema ana miaka 6 bila pombe na bado hapiti barabara yenye ile grosari yake ya zamani. Akaniambia, "Nilidhani ni mimi tu ninayezunguka njia."

Hicho ndicho anachokipata kule ambacho mimi sikuwa nacho cha kumpa. Mimi sijawahi kunywa. Nikimwambia subiri, hamu itapita, ananiamini kwa heshima. Yule mzee akimwambia hamu hukaa dakika kadhaa kisha hushuka, kunywa maji, toka nje, nipigie, anamwamini kwa sababu mzee amezipitia dakika hizo.

Lakini simu ina mipaka, na hapa naomba tusome polepole.

Mtu anayekunywa kila siku kwa muda mrefu, mwili wake umeshazoea, na akikata ghafla mwili unaweza kumgeuka. Vijana wanaita arosto. Saa chache baada ya glasi ya mwisho huanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Wengine hupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo, na hali hiyo inaua ikiachwa bila matibabu. Sasa fikirini desturi yetu ya kuvunja jungu. Mtu anakunywa siku nzima kwa kuwa kesho ni mwezi, usiku anatia nia, asubuhi yuko kwenye funga, hana pombe, hana maji, hana chakula. Ndugu yetu huyu ndivyo alivyofanya mwaka jana. Siku ya pili alianza kutetemeka, mkewe akadhani ni njaa ya funga za mwanzo, akamwambia avumilie magharibi ifike. Akaanguka saa 10 jioni. Alhamdulillahi jirani alikuwa na gari. Hospitali wanazo dawa za kutuliza hali hiyo, na wana vitamini B1 ambayo walevi wengi mwili wao umepungukiwa nayo. Mwaka huu alimwona daktari katikati ya Shaaban, akapunguziwa kwa utaratibu chini ya uangalizi.

Ukiona dalili hizo kwa mtu wako, usimfungulie kundi la WhatsApp. Mpeleke hospitali. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, Allah ametuwekea hilo katika Suratul-Baqara aya ya 184 na 185. Kwa ushauri wa kawaida, hospitali za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Muhimbili wana kitengo chake, na Mirembe, Dodoma, ndiyo kazi yao. Wasomaji wetu wa Kenya, NACADA wana simu ya bure, 1192.

Mama zetu na dada zetu, neno kwenu. Mitandaoni kuna wanaouza "dawa ya kuacha pombe" ya kumwekea mume kwenye chai asijue. Msinunue. Nyingine ni unga usiojulikana. Nyingine ni dawa ya kweli, inaitwa disalfiramu, ambayo daktari humpa mtu aliyekubali na anayejua kwamba akinywa pombe juu yake atadhurika. Ukimwekea kwa siri naye akaenda kunywa, presha yaweza kushuka ghafla na moyo ukashindwa. Umetaka kumwokoa, ukajikuta kwenye mtihani mwingine kabisa. Kwa familia pia kuna mikutano, AA wana ndugu yao aitwaye Al-Anon, tangu 1951, kwa ajili ya wake, waume na watoto wa wanaokunywa. Na tusijidanganye kwamba wanaokunywa ni wanaume tu. Dada anayekunywa chumbani peke yake ana haya mara mbili, na kwake kundi la wanawake watupu ndani ya simu huenda likawa mlango pekee ulio wazi.

Unapotafuta kundi, angalia mambo machache. Kwenye WhatsApp kila mwanakundi anaiona namba yako, kwa hiyo wengi hutumia laini ya pili, na picha ya wasifu wanaitoa. Telegram inakuruhusu kuficha namba kwenye mipangilio. Kundi linaloomba hela, linalouza dawa, au ambalo kiongozi wake anawapiga watu skrinishoti, toka. Anayekwambia uache dawa za daktari, toka pia.

Na sisi tusio na tatizo hili, wengi wetu tumo kwenye kundi hili la msikiti, tuna kazi moja ngumu: tufunge midomo. Mtume (S.A.W) alifundisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba anayemsitiri muislamu, Allah atamsitiri duniani na akhera. Kwa hiyo msinitumie ujumbe kuniuliza "ni nani huyo, ustadh?" Wawili walishaniuliza jana nilipodokeza mada ya leo. Sitasema, na naomba msikisie.

Usiku wa kuamkia Iddi tumeshaupanga, mimi na yeye na wale wenzake. Magharibi atafuturu kwa kaka yake, siyo kwake, maana kwake ni jirani na kijiwe. Hela ya sikukuu yuko nayo mkewe tangu jana, kwa ombi lake mwenyewe. Saa 3 na nusu wana simu yao kama kawaida, mwezi uandame usiandame. Ana namba tatu kwenye karatasi, ikitokea chaji imekwisha: ya yule mzee wa miaka 6, ya yule wa Muscat ambaye kwake usiku utakuwa umetangulia saa moja, na yangu. Yangu ameiweka ya mwisho, nami nimeona ni sawa. Takbira za alfajiri nitampitia na pikipiki.

Jana nilimuuliza kama bado anaogopa. Akajibu, "Naogopa, ila najua saa 3 na nusu nitakuwa wapi."

Aliye na hali kama yake na anasoma hapa, niandikie faraghani wakati wowote, hata bila jina. Nitakuunganisha na wale, siyo na mimi.

Kesho inshaAllah tunarudi kwenye zakatul-fitri: kiasi gani, kwa nani, na itolewe kabla ya muda gani. Wabillahi tawfiq.