SOMO LA WIKI: Maelezo mabovu ya chombo huongeza bili ya akili bandia

Mfanyabiashara aliyeagiza programu ya kompyuta ya stoo au ya mauzo anaweza siku hizi kukuta kwenye ankara ya fundi wake kifungu cha "tokeni". Hivyo ni vipande vya maneno ambavyo kampuni za akili bandia hutumia kuuzia huduma, kama duka linavyouza sukari kwa kilo. Kinachopandisha au kushusha idadi yake mara nyingi ni kitu kidogo: maelezo ya matumizi ya chombo cha kupekulia msimbo.

Msimbo ni maandishi yanayoendesha programu, na huwa umegawanywa katika mafaili mengi. Wakala wa akili bandia akiambiwa arekebishe hesabu ya kodi ya ongezeko la thamani kwenye risiti, kwanza hana budi kutafuta mahali hesabu hiyo ilipo. Hutumia chombo: tafuta neno, fungua faili, onyesha mistari. Fundi mgeni angemwuliza mwenzake na kesho angekumbuka. Wakala kwa kawaida huanza upya kila kazi, na anachojua juu ya chombo ni hasa kile kilichoandikwa kwenye maelezo.

Tuangalie hesabu. Modeli ya GPT-4 Turbo ilipotangazwa Novemba 2023 ilitoza dola 10 za Marekani kwa tokeni milioni moja za kusomwa. Tukikadiria tokeni 10 kwa mstari, faili la mistari 1,000 ni senti 10 tu. Lakini katika kila hatua wakala hutumiwa tena yote aliyokwisha kuyasoma. Kazi ikichukua hatua 20 baada ya faili kufunguliwa, senti 10 zimekuwa dola 2. Angefungua mistari 100 inayohusika, zingekuwa senti 20. Bei zimeshuka tangu wakati huo na baadhi ya wauzaji hutoa punguzo kwa maandishi yanayorudiwa, ila mwendo wa hesabu ni ule ule.

Kusoma kingi pia hakuleti kazi bora. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walipima wakala wao aitwaye SWE-agent kwa matatizo 300 ya programu halisi. Alipoonyeshwa mistari 100 kwa mara moja, alitatua asilimia 18. Alipopewa faili zima, ilishuka hadi 12.7, na kwa mistari 30 ikawa 14.3. La kushangaza zaidi ni upande wa utafutaji: chombo kilichoonyesha jibu moja moja kilifikia asilimia 12, chini ya 15.7 ya wakala asiyepewa chombo maalumu cha kutafutia. Sababu ni kwamba wakala aliendelea kuomba jibu linalofuata mpaka yakaisha. Chombo kilichofaulu kilitoa orodha fupi isiyozidi majibu 50, na yakizidi kilimtaka atafute kwa neno mahususi zaidi.

Kwa hiyo maelezo yasemayo "hutafuta msimbo" hayatoshi. Yanayofaa husema: "Hutafuta jina kamili ndani ya folda iliyotajwa. Herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. Hurudisha majina ya mafaili na namba za mistari, yasiyozidi 50. Hapa utapata jina lilipoanzishwa. Ukitaka kujua linatumika wapi, tumia chombo cha pili."

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni ujumbe wa kosa, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Jina la folda likikosewa na chombo kikajibu "hakuna", wakala anaweza kuamini kuwa sehemu hiyo ya programu haitumiki popote, akaifuta. Mwenye duka atajua Jumamosi, foleni ikiwa ndefu na risiti hazitoki. Jibu sahihi lilikuwa "folda hiyo haipo".

Wakati mwingine maelezo hayasaidii, chombo chenyewe hubadilishwa. Desemba 2024 kampuni ya Anthropic ilieleza kwamba wakala wake alikuwa akikosea njia za mafaili kila alipohama folda kuu. Chombo kikabadilishwa kidai njia kamili kila mara, na makosa hayo yakakoma.

Mwezi mmoja kabla, kampuni hiyo ilikuwa imetoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ambao chini yake kila chombo hutangaza jina, maelezo na taarifa kinazohitaji. Si siri ya fundi, basi. Mteja anaweza kuomba kuyasoma.

Mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji na kampuni changa ya programu naye aombe maelezo hayo, pamoja na kumbukumbu ya hatua za wakala kwa kazi moja iliyokamilika. Ahesabu faili lile lile limefunguliwa mara ngapi. Likiwa limefunguliwa mara sita kwa ajili ya kubadili kiwango cha kodi, aulize nani analipia hizo tano.